Kiinua Mgongo na Mgongo Wenyewe



Twaomba nafasi katika karatasi yetu hii tuseme neno juu ya jambo ambalo halijapata kutiwa katika ajenda ya mkutano wetu hata mara moja. Tumezoea kuandika juu ya mishahara, vyeo, posho na uhamisho. Na ni haki kuyaandika hayo, maana ndiyo yaliyowakusanya watumishi Waafrika wa Tanganyika hata wakafanya chama chao cha kwanza huko Tanga mwaka 1922. Lakini leo hatusemi juu ya mshahara. Twataka kusema juu ya kusimama. Twauliza: mtumishi akiisha kutimiza miaka 60, akapewa mkono wa kwaheri pamoja na kiinua mgongo chake, je, ataweza kusimama wima katika nyumba aliyoijenga kwa fedha hiyo?

Tunayo sababu ya kuuliza. Hapa Wazo kwetu yuko mzee mmoja, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa ni mtu wa heshima wala hakututuma, aliyekuwa karani mkuu wetu kwa miaka mingi. Wengi wetu tuliingia kazini hatujui hata kupanga faili. Yeye ndiye aliyetufundisha kuandika barua ya serikali, naye hakuvumilia kosa la nukta. Alipostaafu alijenga nyumba kilimani. Saruji yake haikutoka mbali, maana kiwanda chetu chasaga mwamba wa kilima hiki tangu mwaka 1966. Sakafuni akatia marumaru nyeupe zing'aazo, na mbele ya baraza akajenga ngazi tatu zisizo na mahali pa kushika. Siku ya kuingia nyumba tulialikwa. Tukala pilau, tukaisifu sakafu. Mmoja wetu akasema ati yatosha kujitazamia uso. Nasi chama tulikuwa tumekwisha kumchangia zawadi ya kumuaga: kochi kubwa laini, ambalo mtu akiketi huzama hata magoti yakapanda juu ya kiuno. Tukamwambia, "Mzee, umetutumikia vya kutosha, sasa keti upumzike." Akacheka, akaketi.

Mwaka wa kwanza alianguka usiku alipokuwa akienda msalani, hakumwambia mtu. Mwaka wa pili alianguka ngazini, akasema ameteleza kwa ganda la embe. Mara ya tatu alivunjika mfupa wa paja karibu na nyonga. Tulipokwenda kumtazama tulimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, "Marahaba, wanangu," kisha akanyamaza kitambo, halafu akasema: "Ganda la embe halikuwako. Niliogopa mkisikia kwamba naanguka, mtaniondoa katika hesabu ya watu."

Maneno hayo tulirudi nayo nyumbani, na ndiyo yaliyotutia kalamu mkononi. Leo Mzee atembea kwa fremu ya chuma kutoka chumbani mpaka sebuleni, na kutoka sebuleni mpaka chumbani. Mkutanoni hajaonekana tena, na barua za chama chetu zaenda na makosa yake bila mtu wa kuyasahihisha.

Katika mitaa yetu, mzee akianguka, watu husema mojawapo ya mambo matatu. Wa kwanza husema, "Ndio uzee huo," kana kwamba kuanguka ni mvi, jambo liotalo lenyewe lisilo na dawa. Wa pili hunong'ona kwamba yuko jirani aliyemtupia kitu. Wa tatu, naye mara nyingi ni mzee mwenyewe, hasemi neno, kwa kuwa aona aibu. Sisi twadhani wote watatu wamekosea, na kosa la tatu ndilo kubwa kuliko yote, maana lawazuia watu kulitafutia jambo lile dawa. Basi tumesoma, tumewauliza na madaktari, nasi twawaletea yale tuliyoyapata.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kusimama si kutulia. Mtu asimamaye huyumba daima, mbele na nyuma, kidogo mno hata jicho halioni, mfano wa mlingoti wa jahazi lililotia nanga. Na kila ayumbapo mwili humrudisha mahali pake. Kazi hiyo yafanana na kazi ya ofisi. Wako makarani watatu waletao taarifa kwa mkubwa wao, ambaye ni ubongo. Karani wa kwanza ni macho, yasemayo ukuta uko wapi na ngazi iko wapi. Karani wa pili akaa ndani ya sikio, mahali penye vijifereji vyenye maji na vijiwe vidogo mno vya namna ya chokaa, ambayo asili yake ni ile ile ya mwamba wa kilima chetu cha Wazo. Huyo ndiye asemaye kichwa kimeinama upande gani. Karani wa tatu ni nyayo na viungo, visemavyo chini pako namna gani, pagumu au pa mchanga, pa sawa au pa mteremko. Mkubwa akiisha kuzisoma taarifa zote tatu hutoa amri. Matarishi, ambao ni mishipa ya fahamu, huipeleka. Na vibarua, ambao ni misuli ya miguu na ya kiuno, huitimiza. Yote hayo hutendeka katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Sasa tazameni itokeavyo katika uzee. Mara nyingi hakuna karani aliyeacha kazi kabisa, ila kila mmoja amechelewa kidogo. Macho hufanya ukungu, hasa yakiingia mtoto wa jicho. Vijiwe vya sikio huweza kung'oka mahali pake, mtu akageuka kitandani akaona chumba chote chazunguka. Nyayo hupungukiwa na hisia, zaidi kwa mwenye kisukari. Matarishi huenda polepole. Na vibarua hupungua: misuli huanza kupungua tangu mtu apitapo miaka thelathini, na baada ya sitini hupungua kwa haraka zaidi, tena nyuzi zake zitendazo upesi, ambazo ndizo zimwokoazo mtu ajikwaapo, huathirika kuliko nyingine. Kijana akijikwaa, mguu wa pili hutangulia kumpokea. Mzee naye mguu wake hutumwa, lakini ukifika umechelewa, naye amekwisha kufika chini.

Kwa kuwa makarani wawili wamedhoofu, mzee humtegemea sana yule wa kwanza, yaani macho. Katika karne ya 19 alikuwako tabibu wa Berlin jina lake Romberg, aliyemsimamisha mgonjwa miguu ikiwa pamoja, kisha akamwambia afumbe macho. Mtu ambaye nyayo na viungo vyake haviletei ubongo taarifa njema huanza kuyumba mara hiyo, na mtihani huo wafanywa na madaktari hata leo. Nasi twasema: hapa kwetu umeme ukikatika saa nane ya usiku, mzee akainuka kwenda msalani gizani, huo ndio mtihani wa Romberg, ila hakuna daktari aliyesimama karibu ili amdake.

Tena liko jambo la damu. Mtu ainukapo kwa ghafula, damu huvutwa chini miguuni, na mwili wa kijana hukaza mishipa mara moja ili kichwa kisipungukiwe. Mwili wa mzee huchelewa kukaza, naye huona kiwi na kizunguzungu. Akiwa ametumia vidonge vya shinikizo la damu, au vya usingizi, hatari yaongezeka. Hatusemi mtu aviache vidonge vyake, la hasha. Mwenye kuviacha bila shauri hujitafutia mauti ya namna nyingine. Twasema avichukue vyote katika mfuko mmoja, aende navyo kwa daktari, amwulize: "Je, katika hivi kiko kinachonifanya nione kizunguzungu?"

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni dogo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu wakadiriwao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Na zaidi ya themanini katika kila mia ya vifo hivyo hutokea katika nchi maskini na nchi za uchumi wa kati, na wafao kwa wingi kuliko wengine ni watu waliopita miaka sitini. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu wanaoishi miaka mingi. Ni jambo letu.

Mwaka 2022 madaktari wa Brazil walichapisha habari za watu 1,702, wenye umri wa miaka 51 hata 75, waliotakiwa wasimame kwa mguu mmoja kwa muda wa sekunde 10. Mmoja katika kila watano hakuweza. Katika miaka saba hivi iliyofuata, wale wasioweza walikufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao, hata baada ya kuhesabiwa tofauti ya umri na ya maradhi. Si kwamba kushindwa kusimama kwa mguu mmoja humwua mtu. Bali mguu hutoa habari za mwili mzima, kama vile daftari la hazina litoavyo habari za chama. Basi sisi wenyewe, ambao wengi wetu hatujafika miaka arobaini, tulijaribu jambo hili ofisini saa ya chai. Wawili walishika meza kabla ya kufika sekunde 10. Tukacheka sana, halafu kicheko kikatuisha.

Kikatuisha kwa sababu tulianza kuhesabu saa zetu. Twaingia kazini saa moja na nusu ya asubuhi, twaketi. Twatoka saa tisa na nusu ya alasiri. Aliyebahatika kupata kiti katika daladala aketi tena, akaa katika foleni ya barabara ya Bagamoyo mpaka Tegeta, kisha apanda bodaboda mpaka mlangoni pake, maana kilima chamchosha. Nyumbani aketi mbele ya televisheni. Hivyo ndivyo miaka thelathini ya utumishi ipitavyo. Serikali hukata fungu la mshahara wetu kila mwezi ili liwe akiba ya uzee, nasi twashukuru. Lakini miguu haina mfuko wa pensheni. Akiba ya miguu ni kutembea, kupanda, kuchuchumaa na kuinuka, na hakuna mtu awezaye kutuchangia. Mtumishi afikaye miaka 60 na fedha nyingi na mapaja membamba ana kiinua mgongo, lakini mgongo wenyewe hauna wa kuuinua.

Sasa twafika penye neno ambalo huenda likawachukiza wengine, lakini hatuna budi kulisema. Twaamini ya kuwa heshima yetu kwa wazee, jinsi tuionyeshavyo mjini, yawanyang'anya miguu yao. Mzee akitaka kuchota maji, "Mzee, acha." Akitaka kufagia uwanja, "Mzee, keti." Akitaka kwenda dukani, mtoto hutumwa mbio. Akiinuka tu, watu watatu humwuliza ataka nini, kana kwamba kuinuka ni kosa. Twafanya hivyo kwa mapenzi, na watu wakiona hutusifu kwamba tumelelewa vema. Lakini msuli usiotumiwa huyeyuka, na mizani ya mwili isiyojaribiwa husahau kazi yake. Mwezi kwa mwezi mzee hudhoofu, nasi twaona udhaifu ule kuwa ni sababu ya kumketisha zaidi. Akianguka mara moja, hofu humwingia, naye hujiketisha mwenyewe. Na kwa kuketi hupungua tena nguvu, hata kuanguka kwa pili kukawa karibu kuliko kwa kwanza. Huo ndio mzunguko uliompata Mzee wetu. Kochi lilikuwa letu.

Wakumbukeni bibi zetu wa shamba. Huketi mkekani, na kila ainukapo mtu kutoka mkekani hubeba uzito wake wote kwa miguu yake. Huchuchumaa mekoni, huchuchumaa chooni, huenda shambani kwa njia isiyo sawa, huswali na kuinuka kama ni Waislamu. Hatusemi kwamba hawaanguki. Huanguka, na wengine huumia vibaya mbali na hospitali. Wala hatusemi mzee arudishiwe jembe zito na ndoo ya lita ishirini. Twasema kwamba yako mambo ya kila siku yaliyokuwa yakiwafanyisha mazoezi bila wao kujua, nasi tumeyaondoa yote kwa siku moja tulipowaleta mjini, wala hatukuweka kitu mahali pake.

Tena hata salamu zetu zataka busara. Mwaka 1997 madaktari wa Sweden walichapisha habari za wazee ambao, wakisemeshwa njiani, husimama kwanza ndipo wajibu. Walionekana kuanguka zaidi, katika miezi iliyofuata, kuliko wale waliojibu huku wakiendelea kutembea. Maana yake ni kwamba kutembea kulikokuwa bure katika ujana, katika uzee hugharimu fikira; na fikira zikigawanywa, miguu hupungukiwa. Basi sisi Waswahili tulio na salamu ndefu, tumwonapo mzee ashuka ngazi, au aruka mtaro, au apanda daladala, tusimwite kwa mbali, "Shikamoo, Mzee! Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?" Tumngoje afike mahali pa sawa. Adabu haitapungua kwa kungoja nusu dakika.

Labda mtu atasema, "Ninyi mwataka wazee wafanye mazoezi, je, si ndipo watakapoanguka zaidi?" Hofu hiyo ni ya haki, lakini ushahidi wasema kinyume chake. Mwaka 2019 wataalamu walikusanya pamoja majaribio 108 yaliyofanywa kwa watu zaidi ya 23,000 waliopita miaka sitini, wakaona kwamba mazoezi yapunguza idadi ya maanguko kwa kiasi cha 23 katika kila 100. Na yafaayo sana ni yale yafunzayo mizani ya mwili pamoja na kutia miguu nguvu. Nayo hayahitaji mashine. Ni kuinuka kitini bila kusaidiwa na mikono, mara kumi; ni kusimama kwa vidole vya miguu huku mtu ameshika meza; ni kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa kidole; ni kutembea kwa ubavu kando ya ukuta. Mwenye mashaka awe na mtu karibu yake, na aliyekwisha kuvunjika au aonaye kizunguzungu amwone daktari kwanza. Meza kila nyumba inayo, na ukuta kila nyumba inao.

Mwingine atasema, "Tuna shida kubwa kuliko hiyo, kwanza maji, kwanza barabara, kwanza dawa." Twamjibu hivi: mzee mmoja akivunjika nyonga hulala hospitalini, akatiwa chuma, akarudi nyumbani ahitaji mtu wa kumwogesha na kumwinua. Mtu huyo ni nani? Mara nyingi ni binti yake au mkaza mwanawe, ambaye huacha genge lake au kazi yake ili akae naye. Nyumba moja hupoteza watu wawili kwa ngazi moja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipande cha bomba cha kushikia ndicho kuziba ufa. Nyonga iliyovunjika ndiyo ukuta.

Na mwingine, aliyesoma sana, atasema kwamba serikali inayo Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, kwa hiyo na tuiachie. Twaiheshimu sera, lakini sera haiwezi kumshika mtu mkono barazani pake saa nane ya usiku. Hilo ni la nyumba, na la jirani, na la chama kama hiki.

Basi, ili tusiwe watu wa kulalamika tu, twaleta mashauri matano mbele ya wanachama.

Kwanza, katika mkutano mkuu wa kila mwaka, kabla ya kusomwa hesabu, kila mwanachama asimame kwa mguu mmoja sekunde 10, karibu na ukuta, na asiyeweza aambiwe kwa upole afanye nini. Jambo hili lianze kwa vijana, ili wazee wasilione kuwa ni dhihaka.

Pili, wakubwa wetu waliokwisha kuhudhuria semina za kujiandaa kustaafu watusimulia kwamba hufundishwa habari za kufuga kuku, za nyumba za kupangisha na za kuepuka matapeli. Ni mafundisho mema. Twaomba iongezwe saa moja tu ya habari za miguu, macho na vidonge.

Tatu, mwanachama ajengaye nyumba ya uzeeni aijenge kwa ajili ya mzee atakayekaa humo, asiijenge kwa ajili ya macho ya wageni wa siku moja. Ngazi ziwe chache, fupi, zenye mahali pa kushika. Msalani pawe na sakafu ya kukwaruza na bomba ukutani. Marumaru zing'aazo zibaki ukutani. Mikeka midogo izungukayo sakafuni iondolewe. Kandambili zilizolegea zitupwe, zipatikane ndala zenye kushika kisigino. Karibu na kitanda iwekwe taa ya betri au ya jua, ili umeme ukikatika mtu asitafute ukuta kwa mikono.

Nne, tumwendeapo mzee tusimwulize tu, "U hali gani?" maana atajibu, "Sijambo." Tumwulize wazi, kwa heshima, faraghani: "Mzee, mwaka huu umepata kuanguka?" Akisema ndiyo, tusicheke, wala tusimzuie kutembea, tumpeleke apimwe. Ukungu wa macho huweza kuondolewa kwa upasuaji wa mtoto wa jicho, ambao hufanywa hata hapa Dar es Salaam, katika hospitali ya CCBRT huko Msasani na kwingineko. Kizunguzungu cha vijiwe vya sikio huweza kutulizwa na tabibu ajuaye, kwa kumgeuza mgonjwa kichwa kwa utaratibu maalumu. Mambo mengi yaitwayo uzee yana majina mengine, na yaliyo na majina mara nyingi yana matibabu.

Tano, na hili ndilo twalitaka sana. Mwisho wa mwaka huu mwenzetu mmoja atatimiza miaka 60, naye ataagwa. Tumesikia kwamba mweka hazina amekwisha kuanza kukusanya michango, na ya kwamba duka limekwisha kuchaguliwa, na zawadi itakuwa kochi. Sisi twasimama kulipinga jambo hilo. Fedha hizo apewe fundi, aende nyumbani kwa mwenzetu atie bomba za kushikia ngazini na msalani, na zikibaki zinunuliwe viatu vizuri na kiti kigumu chenye mikono, kirefu cha kumwezesha kuinuka. Najua baadhi yenu watacheka, kwamba mtu aagwe kwa bomba! Lakini tulikwisha kumuaga mtu kwa kochi, nasi tumeona.

Tena fundi huyo, kabla ya kwenda huko, apite kwanza kwa Mzee wetu kilimani. Ngazi zake tatu ziko vile vile. Nasi tusiende kumpa pole tu na kuondoka. Tupange zamu, wawili wawili, jioni tatu kwa juma, tufanye naye mazoezi yale aliyopewa hospitalini: ashike meza, ainuke, aketi, ainuke. Na kwa kuwa yeye hawezi kuufuata mkutano, mkutano umfuate yeye. Twashauri kikao kijacho kifanyike barazani pake, na muhtasari asomewe yeye kwanza, ausahihishe. Aliogopa kwamba tutamwondoa katika hesabu ya watu; na kwa miezi hii yote, bila kukusudia, tumemwondoa. Kujikwaa si kuanguka, walisema wazee, na sisi twaongeza kwamba kuanguka nako si kufa, ikiwa wako watu wa kumwinua mtu na kumwacha asimame mwenyewe.

Ni sisi, watumishi wenzenu wa Wazo.